Mkwe Nyuma ya Tangi la Kaa

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, nitakukumbusha upesi, maana mambo yangu hayangoji mtu.

Mimi ni Edah wa Misikhu, kule Bungoma, mwalimu wa chekechea hapa Kitale. Ni mtu wa haya kiasi kwamba watoto wakinipigia kelele, mimi ndiye huomba radhi. Nampenda Wachira, fundi wa mitambo ya sola. Wachira ananipenda. Shida ni mama yake.

Mlisoma nilivyompelekea jogoo wa heshima siku ya kwanza, jogoo akatoroka, akaingia katikati ya maombi ya akina mama na kutua kichwani pa mweka hazina. Mlisoma pia nilivyokalia miwani ya mama Wachira siku ya pili. Siku ya tatu aliniita jikoni akafunga mlango.

"Wewe sina shida na wewe," alisema. "Wewe umenyamaza kama kabati. Shida yangu ni mama yako."

"Lakini hamjawahi kuonana, Mama."

"Ndiyo maana."

Nyaruai, mama yake Wachira, ana kidonda cha moyo. Mwanawe mkubwa, Ngari, alipopata mtoto, mama mkwe wake alikuja kumwona mjukuu wikendi moja. Mjukuu huyo sasa yuko darasa la pili na bibi bado hajarudi kwao. Ana chumba chake, ana kiti chake, na rimoti ya televisheni hulala chini ya mto wake. Ngari hutazama habari kwa jirani.

"Sitapoteza mtoto wa pili nikiwa naona," aliniambia Mama Wachira. "Huyo mama yako namtaka mezani. Nimwone akikula. Mtu anaweza kukudanganya akiongea, akiomba, hata akilia. Akikula hawezi. Nikiridhika, tutakuja kwenu Misikhu kujitambulisha. Nisiporidhika, Wachira atafute mwingine."

Hapo ndipo nilipowaacha. Hukumu ya ndoa yangu ilikuwa imepakuliwa kwenye sahani.

Lakini sikuwaambia jambo moja. Kwetu Wabukusu, mama na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na kula pamoja ndiyo kabisa hakuna. Wala hii si mila ya kukariri darasani. Siku moja mama yangu alikaa katikati ya mahindi hadi jua likazama, kwa sababu mume wa dada yangu Phelista alikuwa amesimama njiani akiongea na simu, na njia nyingine haikuwepo.

Nilimweleza Wachira. Alitikisa kichwa kwa heshima, vile mtu anavyotikisa kichwa akielezwa namna ya kujiokoa ndege ikianguka.

"Basi mimi sitakuwepo," alisema. "Nitamshusha Mama, niende kuosha gari. Mtakuwa wanawake tupu."

"Na tutakula wapi?"

"Mawimbi Sifudi."

"Samaki wa baharini? Hapa Kitale?"

"Fikiria, Edah. Tukienda nyama choma, mama yako atasema tumemleta kwetu. Tukila kuku, mama yangu atasema tumempeleka kwenu. Bahari si ya mtu. Hapa hakuna aliye na shamba baharini."

Nilicheka. Huo ndio ugonjwa wangu. Mwanamume akinichekesha, akili yangu hutoka nje kidogo kupunga hewa.

Basi ikafika Jumapili, baada ya kanisa.

Mawimbi Sifudi iko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Ukipanda ngazi unakutana na harufu ya nazi ikishindana na harufu ya dawa ya kupe, na mara nyingi kupe ndio hushinda. Ukutani wametundika wavu na maboya. Katikati ya ukumbi kuna tangi kubwa la kioo, limejaa maji na kaa hai waliofungwa mikono kwa mipira kama washukiwa.

Alitupokea mhudumu mwenye masharubu mazito, amevaa kofia ya baharia. Kifuani pameandikwa Kimeli.

"Karibuni Mawimbi. Jisikieni mko ufuoni."

Mama Wachira alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe umewahi kuona bahari?"

"Nimeona kwa simu, Mama. Ni kubwa."

Kisha akaliona tangi. "Haiya! Wachira! Hawa watu mbona wanafuga buibui?"

"Ni kaa, Mama. Wanaliwa."

"Wanaliwa na nani?"

Wachira akatazama saa, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mama yake akamdaka mkono wa shati.

"Unaenda wapi?"

"Kuosha gari."

"Gari ni safi kuliko hii hoteli. Unataka kuniacha na buibui? Keti hapa."

Wachira akanitazama mimi. Ningesema tu, "Mama, mwache aende." Maneno matatu. Badala yake nikatazama viatu vyangu, vilikuwa vizuri, na mwanamume wangu akaketi.

Wakati huohuo nikasikia sauti kwenye ngazi.

"Hii hoteri iko juu hivi, samaki walipanda aje?"

Alikuwa Senge Jentrix, dada ya marehemu baba, aliyeolewa Sirisia na kufukuzwa kwenye vikundi viwili vya akina mama kwa kusema ukweli. Nyuma yake alikuwa mama yangu, Roselyne, amevaa gitenge cha Krismasi na tabasamu la kuwatuliza maadui.

Mama akaingia. Akamwona Mama Wachira, tabasamu likapanuka. Akamwona Wachira.

"Mayi wee!"

Aligeuka kama mlango uliopigwa na upepo. Leso ikapanda kichwani, ikashuka usoni, naye akasimama kando ya sinki la kunawia, pua imeegemea sabuni.

Sasa Wachira ni kijana aliyelelewa vizuri, na malezi mazuri ni hatari. Aliona mgeni amesimama peke yake, akaamka kwenda kumsalimu, mkono mbele.

"Habari yako, Mama. Karibu sana."

Mama akateleza na ukuta. Wachira akafuata. Mama akashika njia ya tangi. Wachira, akidhani ni utaratibu wa kwetu wa kusalimiana, akashika njia ya tangi pia. Wakalizunguka, yeye na mkono wake mbele, mama yangu na leso yake, kaa wakiwatazama.

"Wewe kijana!" Senge alinguruma. "Simama hapo! Unataka kumfinya mama mkwe kama parachichi ya soko?"

Wachira alisimama. Nilimwona akikumbuka. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeacha jiko likiwaka nyumbani.

Mama Wachira alikuwa amekunja mikono. "Edah. Mama yako anamkimbia mtoto wangu. Kwani ananuka?"

Nilifungua mdomo. Ukatoka upepo.

"Hanuki," alisema Senge. "Ni mzuri hata. Lakini hawezi kukaa hapa. Mtoe, ama mfunike."

"Nimfunike? Ni sufuria?"

Kimeli alikohoa. Akasema kuna meza upande wa pili wa tangi, kijana anaweza kuketi huko. Senge akalikagua lile tangi, akaligonga kwa kidole.

"Maji ni ukuta," alitoa hukumu. "Roselyne, njoo uketi. Usiinue macho tu."

Mama alikuja kinyumenyume, akaketi. Wachira akaenda uhamishoni nyuma ya kaa. Mama Wachira akaketi mkabala na mama yangu, akaweka mkoba mapajani bila kuufungua, kama mtu anayengoja matatu stejini.

Hakuna aliyemweleza chochote. Mimi kwa sababu ya haya. Senge kwa sababu mila hii kwake ni kama mvua, na ni nani anayeketi chini kumweleza mtu mvua?

"Tuna pweza, tuna ngisi, tuna kamba wa nazi," Kimeli alianza.

"Pweza ni nani?" aliuliza Senge.

"Ana mikono minane."

"Minane? Na bado mkamshika?"

"Mimi niletee ugali na sukuma," alisema Mama Wachira. "Wazee wetu hawakula kitu cha maji. Walisema ni nyoka. Mimi nimekuja kuangalia tu."

Alisema "kuangalia" akimkazia mama yangu macho. Mama akashusha kichwa zaidi. Aliogopa kuinua macho asikutane na mkwe, na Mama Wachira akaona mwanamke asiyeweza kumtazama mtu usoni.

Chakula kikaja. Kamba walikuwa wamelala kwenye mchuzi wa nazi, wekundu, wamejikunja, wengine na vichwa vyao na ndevu.

Senge alimwinua mmoja kwa mkia. "Hii si ni kumbikumbi? Kumbikumbi aliyesoma bodingi."

"Kumbikumbi huniwasha," alinong'ona mama yangu. Ni kweli. Tangu utotoni, msimu wa kumbikumbi ukifika, yeye huonja wachache tu, halafu hujikuna shingo hadi jioni huku wengine wakisherehekea.

"Hawa si wale. Hawa wameoga na maji ya chumvi. Kula, huyo mama anakuangalia."

Kweli alikuwa anamwangalia. Hakuwa amegusa hata ugali wake.

Mama alivuta pumzi. Akachukua kamba, akamleta karibu na mdomo, na hapo ndipo alipokosea. Akainua macho.

Senge alisema maji ni ukuta. Hakuna aliyemwambia kwamba maji kwenye kioo pia hukuza. Upande wa pili, katikati ya kaa wawili, ulikuwepo uso wa Wachira, mkubwa kama sinia, na jicho moja lililotosha watu watatu. Likapepesa.

"Mayi!" Kamba akaingia mzima, na ndevu zake.

Kuanzia hapo mama yangu hakuhatarisha tena. Alichukua sahani, akaiweka mapajani, akajifunika leso kichwani hadi magotini, sahani ikiwa ndani. Tulibaki kutazama hema la maua likitafuna.

Mama Wachira alitazama hema lile kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akaweka mkoba begani.

"Wachira. Tuende."

"Mama, bado hatujala," lilisema lile jicho kubwa.

"Nimeshaona. Mtu anayeficha chakula alichonunuliwa, ataficha na cha nyumba yako. Hanisalimii, haniangalii, anakula gizani kama sungura. Edah, wewe ni mtoto mzuri. Pole."

Akapiga hatua. Senge alikuwa na mdomo umejaa ngisi. Hata kama dunia ingeisha, asingeweza kuitetea.

Mnanijua mimi. Mmenisoma wiki zote hizi nikimeza maneno kama dawa. Lakini nilimwona Wachira nyuma ya maji, ameinuka, hajui aende na mama yake au abaki na mimi, nikasimama.

"Mama, keti chini!"

Sauti ilikuwa yangu. Nilithibitisha kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama mimi, hata kaa.

"Hakudharau," nilisema. "Anamheshimu Wachira. Kwetu mama hali mbele ya mkwe. Hamshiki mkono, hamwangalii usoni. Anajificha kwa sababu tayari anamhesabu kuwa mkwe. Kama angekuwa hamtaki, angekula hapa na kupiga mbweu."

Mama Wachira hakuketi, lakini hatua nayo iligoma. "Hali naye meza moja?"

"Hapana."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Akauweka mkoba mezani polepole. "Na mkizaa mtoto, si atakuja kumwona?"

Senge alikuwa amemaliza kumeza. "Atakuja mchana, na kijana asikuwepo. Kulala kwa nyumba ya mkwe? Wee! Nani amewahi kusikia? Akilala huko, sisi wenyewe tunakuja kumfukuza na miti."

Mama Wachira aliketi. Sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya maombi.

"Subiri. Hawezi kulala kwa Wachira."

"Hawezi."

"Hata kama mvua inanyesha?"

"Atalala kwa jirani."

"Hawezi kukaa kwa kiti yake."

"Kiti ya mkwe? Mwiko."

"Na rimoti?"

"Rimoti iko mahali mkwe ameshika. Hata hawezi kuigusa."

Nyaruai alifumba macho. Nadhani alikuwa anamwona Ngari akirudi kutoka kwa jirani. Alipofumbua yalikuwa yamelowa.

"Ngai," alisema. "Kumbe kuna watu wa Mungu huko Bungoma, na mimi niko hapa nateseka! Mama Edah! Jifunike, mama. Jifunike vizuri, kula upendavyo. Kimeli! Niletee na mimi hizo wadudu."

"Za nazi?"

"Zozote."

Akamtia kamba mdomoni, akatafuna na ganda lake, akalia machozi kidogo, akasema si mbaya, ni kama kuku aliyeogopa. Akamwita mwanawe kwa sauti ya kupasua kioo.

"Wachira! Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunaenda Misikhu! Ambia Ngari atafute suti!"

Upande wa pili Wachira alirusha ngumi juu. Nililiona jino lake moja la furaha, kubwa kama mlango. Nikacheka, nikalia, Senge akaanza vigelegele, Kimeli akavua kofia.

Nilisherehekea, ndugu msomaji. Mtu kama mimi, kwa bahati yangu mimi, nilisherehekea kabla ya kuangalia hema.

Hema lilikuwa linajikuna.

Kwanza shingoni, kisha mikononi, kisha pande zote kwa pamoja. Nikafunua leso. Midomo ya mama yangu ilikuwa imevimba kama mito ya sofa. Macho yalikuwa mistari miwili.

"Mama!"

"Kumbi…" alisema. "Kumbi…" Pumzi ikaanza kupiga mluzi.

"Wachira, muone!" nililia.

"Namwona," alijibu. "Nikadhani ni maji yanamkuza."

Mama aliteleza kutoka kwenye kiti. Kimeli akakimbia, akamshika kwapani, akavuta. Mama yangu ni mwanamke wa shamba. Hata tukimpima kwa gunia hatutampima kwa moja. Kimeli aliinua, akageuka mwekundu kuliko kamba, akamrudisha chini.

"Kuna zahanati hapo ng'ambo ya barabara," alihema. "Lakini hizi ngazi…"

Wachira alikuwa ameshatoka nyuma ya tangi. Aliwahi kucheza raga chuoni, mabega yake si ya mchezo. Alifika na kusimama, mikono imekunjuliwa, haigusi.

Senge alijitupa katikati. "Usimguse! Mkwe hagusi! Nitaita watu!"

"Watu wapi, Senge? Ni sasa!"

"Ukimgusa, umeharibu. Umeharibu yote!"

Mluzi wa mama yangu ulikuwa unapungua. Hiyo ndiyo sauti iliyonitisha, kupungua kwake.

Wachira hakumtazama Senge. Hakumtazama hata mama yake. Alinitazama mimi.

"Edah?"

Safari hii sikutazama viatu.

"Mbebe," nilisema.

Alimpakia mgongoni kama gunia la viazi, mikono ya Mama ikining'inia kifuani mwake, shavu lake lililovimba limelala kwenye shingo ya mwanamume ambaye alikuwa hawezi hata kumsalimu. Akashuka ngazi. Nilibeba viatu vya Mama. Senge alifuata nyuma akimfunika Wachira uso kwa leso, eti mkwe asione anachobeba, hadi akagonga mlango wa duka la mbegu na Mama Wachira akampokonya.

"Wacha kijana aone barabara, wewe mwanamke!"

Zahanati walimdunga sindano mara moja. Tukangoja nje, kwenye benchi. Wachira aliinama, shati limelowa jasho na mchuzi wa nazi. Nilitaka kumshika mkono. Senge aliketi katikati yetu.

Baadaye daktari alitoka, kijana mwenye miwani.

"Yuko salama. Mngechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine. Anataja kumbikumbi tu. Kumbikumbi humfanyia nini?"

"Humuwasha," nilijibu.

"Basi. Mwili unaokataa kumbikumbi mara nyingi hukataa na kamba. Asionje tena. Mnaweza kuingia."

Nilimgeukia Wachira, naye akarudi nyuma hatua. "Mimi nitabaki hapa nje," alisema. "Nimeshakosea vya kutosha."

Lakini kutoka ndani ikaja sauti nene, ya midomo ambayo bado haijarudi nyumbani.

"Nani alinibeba?"

Tukaingia sisi wanawake watatu, kila mmoja akitazama kando. Hata Mama Wachira alitafuta kitu kwenye mkoba.

"Nauliza, nani alinibeba? Nilisikia moyo wake ukipiga hapa." Alijigusa kifuani.

"Ni Wachira," nilisema. "Mimi ndiye nilimwambia. Kama kuna kosa, ni langu."

"Mwite aingie."

Senge alisonga mbele. "Roselyne, bado unaumwa. Mambo ya namna hii tunangoja wazee wa nyumbani, tunaketi, tunaangalia kama ni mbuzi ama ni…"

"Jentrix. Mwite aingie."

Wachira aliingia ametazama sakafu, kama nilivyomfundisha. Akasimama mguuni pa kitanda, mbali.

Na mama yangu, aliyekaa katikati ya mahindi hadi jua likazama kwa kumkwepa mume wa Phelista, aliinua kichwa na kumtazama usoni. Alimtazama bila haraka. Macho yalikuwa yanaanza kufunguka.

"Una sura nzuri," alisema. "Ndogo kuliko nilivyodhani."

Nilisikia kitu kikiyeyuka ndani yangu.

"Mkwe hawezi kunigusa," Mama aliendelea. "Hiyo tunajua wote. Sasa wewe umenigusa, umenibeba mgongoni, umeniokoa. Nikikuita mkwe, basi umevunja mila, nami lazima nikukasirikie. Siwezi kukukasirikia. Nimejaribu hapa kitandani, nimeshindwa." Machozi yalishuka kando ya mashavu yale yaliyovimba. "Mungu hakunipa mtoto wa kiume. Anayembeba mama yake mgongoni ni mtoto wake wa kumzaa. Kwa hivyo wewe si mkwe. Wewe ni mwanangu."

Akanyoosha mkono.

Nilikiona kilichokuwa kinakuja. Nilikiona chote. Nikafungua mdomo kupiga kelele, "Wachira, usiushike!" na ile sauti yangu ya mchana, iliyomsimamisha Nyaruai na mkoba wake, ikawa imebaki Mawimbi na bili.

Wachira, kijana aliyelelewa vizuri, akaupokea mkono wa mama yangu kwa mikono yake yote miwili. Akainamisha kichwa.

"Asante, Mama," alisema. "Mimi ni mwanao."

"Haleluya!" Mama Wachira alipiga makofi. "Ona mambo ya Mungu! Ona upendo!"

Aligeuka kututafuta tufurahi naye. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Senge Jentrix alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka, leso imeanguka.

"Nyinyi sasa ni nini tena?" aliuliza Mama Wachira. "Si mambo imeisha vizuri?"

Senge alimtazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona usoni pake.

"Mama Wachira," alisema. "Huko kwenu, mtu huoa dada yake?"